Tyubu ya chunusi yavuka mpaka bila jina

Katika mizigo inayovuka kila siku kutoka Manyovu, mkoani Kigoma, kuingia Mugina hapa kwetu Burundi, kuna bidhaa moja ndogo ambayo kila anayeishika huipa jina lake. Ni tyubu ya gramu tano, kumi na tano au thelathini, yenye mafuta mazito au krimu nyeupe, na mnunuzi huitaka kwa kusema tu: "Nipe ile ya chunusi." Muuzaji wa sokoni huiita kipodozi. Mfamasia huiita dawa. Askari wa doria akiikuta katikati ya vitenge huiita magendo. Wote watatu wanaweza kuwa na haki, na hapo ndipo tatizo linapoanzia kwa mchuuzi mwenye mtaji mdogo, na kwa binti anayetaka uso wake upone kabla ya harusi ya dada yake.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini habari ya chunusi iwekwe katika ukurasa wa nchi jirani badala ya ukurasa wa afya. Jibu ni kwamba tyubu hizi hazitengenezwi kwetu. Nyingi ya zile nilizozishika mkononi zimeandikwa kuwa zimetoka India, zikapitia maduka ya jumla ya Tanzania, zikapanda basi au pikipiki mpaka mpakani. Sheria zinazozihusu zimetungwa Dodoma na mbali zaidi, lakini hasara yake hubaki usoni mwa mtu wa Makamba, Rumonge au Muyinga.

Kuna sababu ya pili. Ndugu zetu abahungutse, yaani waliorejea kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli tangu urejeshaji wa hiari ulipoanza Septemba 2017, wamerudi na mazoea ya huko. Kambini zahanati ilikuwa karibu na dawa ilikuwa ya bure. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini, ile tyubu ndogo kuliko kidole, yaligeuka dawa ya nyumba nzima: jicho jekundu, kidonda cha panga, jipu, mtoto aliyetahiriwa, mpaka chunusi. Sasa zahanati iko mbali na mfuko ni mwepesi, lakini mazoea yamebaki, na soko limeyaona.

Mafuta hayo yenyewe ni dawa yenye heshima yake. Kwa ugonjwa wa trakoma, unaopofusha watu wengi vijijini, tetrasaiklini ya asilimia 1 hupakwa machoni mara mbili kwa siku kwa wiki sita, hasa kwa mtoto wa chini ya miezi sita ambaye hapewi dawa ya kumeza. Hapo inaokoa macho. Uso ni jambo lingine. Chunusi huanza pale kitundu cha ngozi kinapozibwa na mafuta ya mwili pamoja na ngozi iliyokufa. Bakteria wanaoishi humo siku zote huongezeka, na mwili huvimba kwa kupambana nao. Ndiyo maana antibiotiki za chunusi, kama klindamaisini, hutengenezwa kwa namna ya jeli au maji mepesi. Kulirundikia eneo hilo mafuta mazito yaliyokusudiwa jicho ni sawa na kupaka lami juu ya mfereji ulioziba.

Na kidonda je? Wengi huamini kwamba chunusi ikishapasuka, au mkwaruzo ukipatikana, hauponi bila mafuta ya antibiotiki. Mwaka 1996 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 922 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Baadhi walipakwa mafuta ya antibiotiki iitwayo basitrasini, wengine mafuta meupe ya mgando yasiyo na dawa yoyote. Waliopata maambukizi walikuwa wachache mno pande zote: karibu 2 kwa kila 100 upande wa mafuta ya mgando, na chini ya mmoja kwa 100 upande wa antibiotiki, tofauti ambayo watafiti wenyewe waliiona kuwa inaweza kuwa ya bahati tu. Vidonda vilipona sawasawa. Wanne upande wa antibiotiki walipata mzio wa ngozi. Upande wa mgando hakuna. Ni kweli kwamba vidonda vile vilikuwa safi vya hospitali, si vya jembe lililotoka kwenye samadi. Lakini mkwaruzo mdogo uliooshwa kwa sabuni na maji safi, ukapakwa mgando na kufunikwa, hauhitaji zaidi ya hapo.

Hiyo ndiyo tyubu isiyo na makuu. Inayonitia wasiwasi ni nyingine, na kwa bahati mbaya ndiyo inayouzika. Niliongea na mama mmoja anayeuza vipodozi Manyovu, akanipangia tyubu zake mezani kama karata. "Mwanangu," aliniambia, "hii ya duka la dawa watu wanairudisha, wanasema haifanyi kazi. Wanataka hii ya siku mbili." Nikamwuliza: "Mama, ndani yake kuna nini?" Akacheka. "Kuna kupona."

Nilisoma maandishi madogo ya pembeni. Ndani yake kulikuwa na dawa tatu kwa pamoja: betamethazoni, jentamisini na klotrimazoli. Ya kwanza ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Ya pili ni antibiotiki, ya kuua bakteria. Ya tatu ni ya kuua fangasi. Mantiki ya mtengenezaji inaeleweka: asiyejua anaumwa nini apigwe kwa risasi tatu, moja itafika. Kwa soko lisilo na daktari ni ubunifu mkubwa wa biashara. Kwa ngozi ni balaa.

Kinacholeta "kupona" kwa siku mbili ni steroidi. Hubana mishipa midogo ya damu, wekundu ukapungua, na huunyamazisha mwili usivimbe. Bakteria na fangasi hawajaondoka. Kilichozimwa ni kengele ya hatari. Mtu akiacha kupaka, chunusi hurudi zikiwa nyingi na za rangi moja, kwa sababu steroidi nayo inajulikana kwa kuleta chunusi zake yenyewe. Anapaka tena, zinatulia tena. Baada ya wiki au miezi ngozi ya uso huwa nyembamba, mishipa ikaonekana, jua likachoma kuliko zamani, na nywele zikaota mahali zisipotakiwa. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, steroidi huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuharibu uwezo wa kuona. Mwenye choa akiipaka, ile duara yake inayojulikana hupotea umbo na kuenea, hata mganga akiiona hajui tena anachotazama.

India, ambako tyubu hizi hutengenezwa, wameliona hilo kabla yetu. Madaktari wa ngozi wa huko wamelipa jina lake, uso ulioharibiwa na steroidi, na wamekuwa wakiliandikia tangu mwaka 2008. Mwaka 2018 serikali yao iliweka orodha ya steroidi za kupaka zisizouzwa bila cheti cha daktari, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikapiga marufuku michanganyiko 328 ya dawa isiyo na sababu ya kitabibu, mingine ikiwa ya krimu za aina hii.

Sasa tutazame hesabu ya soko, kwa maana mchuuzi hafanyi biashara ya hasira bali ya faida. Tyubu ya kwanza huuza tyubu ya pili, kwa sababu chunusi zimerudi. Zikishatulia huacha madoa meusi. Madoa hayo si uchafu wala si vijidudu. Ni rangi ya ngozi iliyomwagika kwa sababu ya uvimbe, na ngozi zetu nyeusi huyapata kwa wingi na kuyatunza kwa miezi. Hakuna antibiotiki duniani inayoyaondoa. Hapo mteja hurudi mara ya tatu, na safari hii huuziwa krimu ya kung'arisha, mara nyingi yenye steroidi kali zaidi, au haidrokwinoni, au zebaki. Mama aliyeanza na chunusi tatu kidevuni anamaliza na uso wa rangi mbili na mikono inayopasuka. Kila hatua mtu fulani amepata faida, na kila hatua tyubu imevuka mpaka.

Jambo jingine halionekani usoni. Bakteria wanaopakwa dawa kidogo kidogo, leo ipo kesho imeisha, hujifunza kuizoea. Tangu miaka ya 1970 madaktari wameona bakteria wa chunusi wakizidi kuwa sugu kwa erithromaisini na klindamaisini, na ndiyo maana siku hizi wanashauri antibiotiki ya kupaka isitumiwe peke yake kwa chunusi, bali pamoja na benzoili peroksaidi, ambayo bakteria hawajaweza kuizoea.

Mfano mzuri uko Nyuzilandi. Mwaka 1991 nchi hiyo iliruhusu mafuta ya mupirosini, antibiotiki nzuri ya vidonda vya usaha, yauzwe bila cheti cha daktari. Watu wakayapaka kwa kila mkwaruzo. Kabla muongo haujaisha bakteria wa majipu wasiosikia dawa hiyo walikuwa wameongezeka mno, mpaka mwaka 2000 sharti la cheti likarudishwa. Usugu ukashuka. Lakini madaktari wakahamia kwenye mafuta mengine, ya asidi ya fusidi, na miaka iliyofuata usugu dhidi ya hayo ukapanda. Hiyo ni nchi tajiri yenye maabara kila mji. Sisi tusiopima hatujui tumefika wapi.

Sitaki kutia chumvi. Watu milioni 1.27 waliokadiriwa kufa mwaka 2019 duniani kwa sababu ya bakteria sugu, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022, hawakuuawa na mafuta ya kupaka. Sehemu kubwa ni maambukizi ya mapafu, ya damu na ya tumbo. Hata hivyo bakteria wa ngozi ndio haohao wanaoingia kwenye kidonda cha upasuaji na cha mama aliyejifungua. Jentamisini iliyomo katika tyubu ya chunusi ndiyo ileile inayochomwa mtoto mchanga mwenye sumu kwenye damu. Kuichezea usoni ni kutumia akiba ya mwenzako.

Halafu kuna habari ya vipele ambavyo si chunusi kabisa. Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox, ambayo wengi waliijua kwa jina la homa ya nyani, kutokana na aina mpya ya kirusi iliyogunduliwa Kamituga, Kivu ya Kusini. Tarehe 14 Agosti mwaka huo WHO ikatangaza hali ya dharura ya kimataifa, iliyokuja kuondolewa Septemba 2025. Tanzania nayo ilithibitisha wagonjwa wake Machi 2025. Kuondolewa kwa dharura si kuondoka kwa kirusi. Njia yake kuu ni mguso wa ngozi kwa ngozi, na mpakani watu hugusana: kubebeana mizigo, kulala chumba kimoja, kushikana mikono kwa biashara. Mtu mwenye vipele vya mpox akivipaka tyubu ya dawa tatu, antibiotiki haigusi kirusi hata kidogo, lakini yeye anajiona ameshajitibu, anaendelea na safari. Siku nne au tano alizopoteza ndizo zinazoambukiza wenzake.

Tuje kwenye sheria, kwa sababu wachuuzi wengi hunyang'anywa mali wasijue wamekosea wapi. Mwaka 2003 Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, ikaunda taasisi moja, TFDA, iliyoshika vyote vitatu. Mwaka 2019 madaraka yakagawanywa: dawa na vifaa tiba vikabaki kwa mamlaka mpya ya TMDA, na chakula na vipodozi vikahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Mgawanyo huo una sababu zake, na sina ugomvi nao. Lakini tyubu ninayoizungumzia imekaa juu ya mshono. Ndani ni dawa, nje imepambwa kwa picha ya msichana anayetabasamu. Ikiwa kwenye duka la vipodozi, nani aifuate? Kwa maoni yangu jibu ni rahisi: chochote chenye steroidi au antibiotiki ni dawa, hata kingeuzwa ndani ya kopo la losheni. Upande wetu pia ABREMA, inayodhibiti dawa na vyakula, ndiyo inayohusika nayo, si mkaguzi wa soko.

Wapo wachuuzi wanaodhani kwamba utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unawakinga. Utaratibu huo unahusu mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Krimu iliyotengenezwa India haina asili ya Jumuiya hata ikinunuliwa Kasulu na risiti ikatolewa. Na hata bidhaa yenye asili ya Jumuiya, ikiwa ni dawa, bado inahitaji kibali cha kuingiza dawa. Cheti cha asili huondoa ushuru, hakiondoi kibali. Mchuuzi anayeambiwa na mwenye duka la jumla kwamba "hivi ni vipodozi tu, pita navyo" anabebeshwa hatari ambayo mwenye duka mwenyewe haibebi, kwa kuwa mzigo ukikamatwa Mugina au Kobero, yeye pesa yake ameshaiweka sandukuni.

Lawama zote lakini haziwezi kumwangukia mchuuzi. Tanzania iligundua zamani kwamba watu hununua dawa walipo, si serikali inapotaka, na mwaka 2003 ikaanzisha mkoani Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu: wauzaji wa vijijini wanafunzwa, wanapewa leseni, na wanaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa zikiwemo baadhi ya antibiotiki. Mpango ukaenea nchini. Una kasoro zake, ila umempa mtu wa kijijini mtu wa kumwuliza. Moshi nako, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, kinachofundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Hilo ni jambo ambalo Burundi ingeweza kulitumia zaidi: tabibu mmoja wa ngozi katika kila mkoa wa mpakani angepunguza biashara ya tyubu kuliko operesheni kumi za polisi.

Wakati hilo halijafanyika, mwenye chunusi afanye nini? Aoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, asizitumbue, aache mafuta mazito usoni. Kwenye duka la dawa aulize benzoili peroksaidi, aanze na yenye nguvu ndogo, na ajue kwamba inababua shuka na nguo za rangi. Matokeo huonekana baada ya wiki sita mpaka nane, si siku mbili. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi sokoni. Madoa yatafifia kwa miezi, na upesi zaidi kwa anayejikinga na jua. Chunusi kubwa zenye maumivu na zinazoacha makovu zinahitaji tabibu. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye vidonda vya usaha apelekwe kituo cha afya cha serikali, ambako matibabu ya umri huo yalifanywa kuwa ya bure tangu mwaka 2006. Na doa lisilohisi kuguswa lisipakwe kitu chochote: huenda ni ukoma, ambao dawa yake hutolewa bila malipo na huponya.

Anayetaka kujua kilichomo ndani ya tyubu hahitaji kusomea udaktari, atazame tu mikia ya majina. Jina linaloishia na "sone", au lenye neno "clobetasol", kwa kawaida ni steroidi. Linaloishia na "mycin" au "micin" kwa kawaida ni antibiotiki. Linaloishia na "zole", kwenye krimu ya ngozi, kwa kawaida ni dawa ya fangasi. Mikia miwili au mitatu ikikutana kwenye tyubu moja, hiyo si ya chunusi, hata kama picha ya nje inasema hivyo. Ikiwa hakuna jina lolote la dawa, wala namba ya toleo, wala tarehe ya kwisha, hiyo ni mbaya zaidi.

Kwa mchuuzi ambaye tayari ana katoni nyumbani, ushauri nilioupata kwa wafamasia wawili, mmoja wa kila upande wa mpaka, ulifanana: asijaribu kuzimaliza kwa bei ya hasara wala kuzirudisha kwa njia ya porini. Atenganishe zenye mikia hiyo na losheni za kawaida, azitolee taarifa kwa afisa wa afya wa wilaya au wa komine kabla hazijakamatwa, na mzigo unaofuata auweke kwenye sabuni, mafuta ya mgando na losheni zenye nembo ya viwango ya nchi zilikotengenezwa. Faida yake kwa kila kopo ni ndogo. Lakini mgando hausubiri kibali cha dawa.